Walawi Walirudi Mashambani Kwao: Kwa Nini Madaktari wa Lualaba Wanaondoka

Jumapili moja ya mwezi wa tisa, hapa Kolwezi, karatasi yetu ya matangazo ilikuwa na mambo mawili yaliyofuatana. La kwanza, familia moja iliomba kutaniko limwombee kijana wao, daktari, apate viza ya kwenda ng'ambo. La pili, wamama wa kanisa waliomba mchango wa kumsafirisha dada yetu mmoja hadi Lubumbashi, kilomita kama 300, kwa sababu hospitali alikolazwa haikuwa na mtu wa kumpasua. Tulisoma la kwanza, watu wakaitika amina. Tukasoma la pili, kikapu kikazunguka. Baada ya ibada, tulipokuwa tukihesabu faranga ofisini pamoja na wazee, mzee mmoja aliiweka karatasi ile mezani akauliza, "Pasta, haya mawili si jambo moja?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Tunawaandikia ninyi ndugu wa makanisa ya mashariki, wa Bukavu na Goma, wa Beni na Bunia, wa Uvira na Kalemie, kwa sababu tunajua kwenu pia viza na mchango wa hospitali husomwa Jumapili moja. Tunaandika pia kwa sababu jibu tunalolisikia kila mara redioni na mikutanoni, kwamba tufundishe madaktari wengi zaidi na tatizo litaisha, ni nusu ya jibu. Nusu iliyobaki ndiyo inayotuuma.

Kijana huyo tunamjua tangu shule ya Jumapili. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, mmoja wa wale 10,655 waliotoka kazini miaka ya 2003 na 2004 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, ulioungwa mkono na Benki ya Dunia. Nyinyi mliokulia Katanga mnakumbuka maisha ya mposho na hospitali ya kampuni, wakati watu walisema kampuni ndiyo baba, kampuni ndiyo mama. Pesa za mwisho alizopewa baba hazikutosha hata kumaliza nyumba. Minervali ya kijana ililipwa na mama, kwa mahindi na makala. Alisoma udaktari Lubumbashi miaka saba, akarudi jimboni, akafanya kazi miaka mitatu katika hospitali ambayo hatutaitaja. Hana namba ya matrikule. Hana mshahara wa serikali. Alichopata ni fungu la pesa zilizolipwa na wagonjwa, baada ya kununua dawa na mafuta ya jenereta. Kuna mwezi alipata dola 80. Mwezi huo huo alizalisha kwa kisu wanawake zaidi ya kumi na wawili, akiwa peke yake na muuguzi mmoja.

Alipokuja kwetu kuomba maombi hakuja kama mtu anayekimbia. Alikaa, akanywa maji, akasema, "Baba Pasta, kama ningekuwa na mahali pa kulala na mshahara wa dola 500 unaofika kila mwezi, nisingeondoka." Tuliuliza kama ana hakika. Akasema, "Hata 400." Tangu siku hiyo hatuwezi tena kusema kwamba vijana wetu wanafuata dola za Wazungu tu.

Basi tuanze na nusu ya kwanza ya jibu, maana nayo ni ya kweli. Nchi tajiri zinachukua madaktari wa watu wengine kwa sababu hazikufundisha wa kwao wa kutosha, na mara nyingi zilifanya hivyo kwa kukusudia. Ufaransa iliweka mwaka 1971 kikomo cha idadi ya wanafunzi wanaoruhusiwa kuendelea na udaktari kila mwaka. Miaka ya mwanzo walikuwa zaidi ya 8,000; ilipofika 1993 walikuwa 3,500 tu. Serikali iliona kwamba madaktari wachache watapunguza gharama. Miaka ikapita, wazee wakaongezeka, madaktari wakastaafu, vijiji vyao vikabaki bila daktari, na hospitali zao zikajaa madaktari waliosoma Afrika na Uarabuni, wengi wao wakilipwa chini ya wenzao Wafaransa kwa kazi ile ile. Kikomo hicho kiliondolewa kwa sheria ya mwaka 2019. Ubelgiji nayo iliweka kikomo chake mwaka 1997. Uingereza ina zaidi ya theluthi moja ya madaktari waliosomea nje. Mwezi wa sita 2023 serikali yake ilitangaza mpango wa kuongeza nafasi za wanafunzi wa udaktari maradufu, zifike 15,000 kwa mwaka ifikapo 2031. Marekani, karibu robo ya madaktari wake walisomea nchi nyingine.

Mtu anayefunga mlango wa shule yake na kufungua mlango wa hospitali yake, lazima mtoto wa jirani ndiye aingie. Jirani ndiye aliyelipa minervali. Mama mmoja wa Kolwezi, kwa makala yake, amemsomeshea Mfaransa daktari, na hakuna mtu Paris anayelijua jina lake. Kwa hiyo Uingereza ikisema itafundisha wake, tunasema amina, na tungependa wengine wafuate. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilipitisha mwaka 2010 kanuni za kuajiri watumishi wa afya kutoka nchi nyingine, na mwaka 2023 likatoa orodha ya nchi 55 ambazo wengine wasiende kuvuna madaktari wao. Kongo yetu imo. Lakini kanuni hizo ni za hiari, na hazimkatazi daktari kujiombea kazi mwenyewe, wala hatudhani ingefaa zimkataze.

Hapa tunapenda kuongeza jambo ambalo vijana wetu hawalijui. Sisi pia tuliwahi kunywa kisima cha wengine. Tarehe 30 mwezi wa sita 1960, siku ya uhuru, nchi hii kubwa haikuwa na daktari hata mmoja Mkongomani. Wabelgiji walitufundisha wauguzi, na juu yao wasaidizi wa madaktari, wachache zaidi ya mia moja. Walikuwa watu wenye ujuzi mwingi, wakipasua na kutibu, ila hawakuruhusiwa kuitwa madaktari. Jason Sendwe, ambaye hospitali kubwa ya Lubumbashi ina jina lake, alikuwa mmoja wao. Alikuja kuwa kiongozi wa chama cha BALUBAKAT, akauawa mwaka 1964, na hakuwahi kuwa daktari kwa cheti. Wabelgiji walipokimbia katika fujo za mwezi wa saba 1960, OMS ilituma madaktari kutoka nchi nyingi na ikawapeleka wasaidizi zaidi ya hamsini Ufaransa wakamilishe masomo. Walirudi baada ya miaka kama mitatu. Walirudi, ndugu. Na katika miaka hiyo hiyo walikuja Wahaiti, walimu na madaktari, waliokuwa wanaukimbia utawala wa Duvalier. Tuliwapokea kwa furaha. Hakuna kati yetu aliyeuliza ni nani amebaki kumtibu mama wa Port-au-Prince.

Tangu hapo shule za udaktari zimekuwa nyingi. Lubumbashi ina kitivo chake, Kolwezi tuna chuo kikuu chetu, na ninyi huko mashariki mna Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika, UEA, kilichoanza Bukavu mwaka 1991, na ULPGL ya Goma, vyote vya makanisa yetu. Kinshasa kuna Chuo Kikuu cha Kiprotestanti. Kusema kweli, vingine vilifunguliwa kwa haraka, bila maabara wala walimu wa kutosha, na baadhi vimebandikwa jina la Mungu mlangoni. Mwanafunzi wa udaktari anayesoma mwili wa mtu kwenye ubao peke yake atakuja kujifunzia juu ya mwili wa dada yetu. Hilo lina mjadala wake. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba nchi hii haifundishi. Kila mwaka vijana wanavaa majoho, familia zinacheza barabarani na kumwagiana poda, halafu mwaka unaofuata kijana anakaa nyumbani akisubiri matrikule, huku zone ya afya iliyo kilomita mia mbili kutoka kwake haina mtu wa kufanya upasuaji wa kizazi.

Tanzania iliwahi kuonyesha jambo hili waziwazi kuliko sisi. Mwanzoni mwa 2017, madaktari wa Kenya walikuwa wamegoma siku 100. Mgomo ulipoisha, Tanzania ilikubali kuwapelekea Wakenya madaktari 500, maana ilikuwa nao, wamesoma na hawana kazi. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani kuzuia. Ndipo Rais Magufuli akaagiza wale 258 walioomba kwenda Kenya waajiriwe na serikali ya Tanzania mara moja. Tafakarini hapo kidogo. Madaktari hao walikuwepo muda wote. Hospitali zilizowahitaji zilikuwepo muda wote. Pesa ilipatikana ndani ya siku chache, baada ya aibu.

Katika sura ya 13 ya kitabu cha Nehemia kuna habari ambayo hatuihubiri mara nyingi, labda kwa sababu haina ukuta wala adui nje ya lango. Ukuta umekwisha kujengwa. Nehemia alikuwa amerudi kwa mfalme wa Uajemi, na alipokuja tena Yerusalemu akakuta nyumba ya Mungu imeachwa. Walawi na waimbaji hawapo. Kila mmoja amerudi shambani kwake. Sababu ni moja: hawakupewa mafungu yao. Na chumba kilichokuwa cha kuwekea zaka, kuhani alikuwa amempa Tobia akae humo, mtu mwenye ujamaa na wakubwa.

Tulipofundishwa kifungu hiki katika shule ya teolojia, mwalimu alituuliza Nehemia alimkemea nani. Tulijibu haraka, Walawi, kwa kuwa waliacha wito wao. Akatuambia tusome tena. Nehemia aliwakemea wakubwa. Walawi hakuwaambia neno baya hata moja; aliwakusanya akawarudisha mahali pao. Halafu akafanya jambo ambalo kwetu ndilo kiini cha habari yote: aliweka watunza hazina, kuhani mmoja, mwandishi mmoja, Mlawi mmoja na msaidizi wao, watu waliojulikana kwa uaminifu, kazi yao kuwagawia ndugu zao. Hakufungua shule nyingine ya Walawi. Walawi walikuwepo.

Sasa tuulize habari za chumba cha zaka hapa Lualaba. Jimbo letu lilizaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, na chini yake kuna shaba na kobalti ambazo dunia nzima inazitaka kwa betri za magari na simu. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inatoka nchini mwetu, na sehemu kubwa hapa kwetu. Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba. Ni kweli mwaka 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje kuanzia mwezi wa pili, kisha tangu mwezi wa kumi ikaweka viwango, kwa hiyo hesabu za jimbo zimetikisika. Lakini malori ya shaba hayakulala. Yanapita mbele ya kanisa letu usiku kucha, na vumbi lake tunalifuta kwenye mabenchi kila Jumapili asubuhi.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema wazi mrabaha unagawanywaje: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, sekta au usultani ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kila kampuni inatakiwa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wanaouzunguka mgodi, fungu linalosimamiwa na kamati ambamo wakaaji wenyewe wana wajumbe. Kuna pia daftari la masharti, ambalo kampuni na wakaaji hutia sahihi, linaloandika ahadi za shule, maji, barabara na afya.

Tumeyaona baadhi ya madaftari hayo. Upande wa afya mara nyingi tunakuta jambo moja: jengo. Kituo cha afya, vyumba kadhaa, bati jipya, tangi la maji. Tunashukuru kwa majengo. Lakini tunaelewa pia kwa nini ni majengo. Jengo lina jiwe la msingi, lina utepe wa kukata, gavana anaweza kupigwa picha mbele yake. Mshahara wa daktari hauna utepe. Unalipwa mwezi wa kwanza, halafu wa pili, halafu wa tatu, na hakuna anayepiga makofi. Ndiyo maana tuna kuta zinazong'aa ambazo ndani yake muuguzi mmoja anamwandikia mgonjwa karatasi ya kumpeleka kwingine.

Kisha hata madaktari wanaobaki hawabaki mahali palepale. Wengine wanatoka hospitali ya wote na kuingia zahanati za makampuni, ambako kuna mshahara wa dola, gari na dawa. Mgonjwa asiye na kadi ya kampuni anabaki nje ya uzio akimwona daktari wake wa jana akipita. Wengine wanakwenda Lubumbashi au Kinshasa. Na ndani ya jimbo, wote wanakusanyika Kolwezi. Fikirini Kapanga, kule Musumba kwa Mwant Yav. Daktari Arthur Piper, mmisionari wa Kimethodisti, alifika huko miaka ya 1910 wakati safari ilikuwa ya miguu, na kazi yake ndiyo iliyozaa hospitali ya Samuteb ambayo kanisa hilo bado linaibeba. Kapanga haina mgodi mkubwa. Ile asilimia 15 haifiki kule. Ukiuliza ni daktari gani kijana atakubali kwenda kwa fungu la pesa za wagonjwa ambao wenyewe hawana pesa, swali linajijibu.

Mtu akisema, basi waende, dunia ni moja, mgonjwa ni mgonjwa popote, tunamwelewa. Lakini kuna jambo ambalo daktari wa ng'ambo hawezi kutufanyia hata akitupenda. Mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao, ndani ya uzio, hata sebuleni. Vumbi likawa chakula cha watoto. Aliyekuja kupima damu na mkojo wa watu wa Kasulo alikuwa Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven, Ubelgiji. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2018, ukaonyesha kobalti nyingi mno miilini mwa wakaaji, na zaidi kwa watoto. Alikuwa amekwisha kuanza kazi hiyo Katanga miaka kumi kabla, wakati dunia ilikuwa bado haijali betri. Kwa sababu mtu mmoja mwenye elimu alibaki, leo tunaweza kuzungumza na makampuni tukiwa na hesabu mkononi. Kama angekuwa amekwenda kupima damu za watu wa nchi nyingine, tungekuwa tunakohoa tu.

Wazee wengine kanisani wanasema dawa ni kuwafunga: wazuiliwe diplomu, wasipewe pasipoti mpaka wafanye kazi miaka kumi. Hatukubaliani nao. Mkataba wa haki, ambapo jimbo linamlipia mwanafunzi masomo naye anaahidi miaka kadhaa ya kazi kwa mshahara unaojulikana, huo ni mzuri na tungeuunga mkono. Lakini kumfunga mtu mahali asipolipwa kuna jina lake, na babu zetu wa Katanga walilijua jina hilo vizuri. Isitoshe sisi wachungaji tusinyoshe kidole. Tunawajua wenzetu wangapi waliotumwa kusoma teolojia Ubelgiji, Kanada au Marekani, kwa sadaka za wajane, na hadi leo wanatuandikia salamu za Krismasi kutoka huko? Nasi tunawaombea. Na kuna jambo jingine la kukiri: mama mmoja wa kutaniko letu alipasuliwa mwaka jana, akapona, na aliyelipa zahanati ya kulipia ni mwanawe daktari aliye Afrika Kusini. Kwenda kwake kuliwapunguzia wengi daktari, na kulimwokoa mama yake. Huko huko Johannesburg kuna wenzake ambao wanalinda magari mbele ya maduka wakisubiri kupita mtihani wa kuruhusiwa kufanya kazi. Hao hawamtibu mtu popote. Hasara hiyo haimfaidii hata tajiri.

Ninyi wa Kivu mnaijua habari ya Daktari Mukwege kuliko sisi, ila tunaomba ruhusa tuitaje sehemu yake moja. Mwana wa mchungaji, alisomea udaktari Bujumbura, akafanya kazi Lemera, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake kwa sababu hapa hapakuwa na pa kusomea, akarudi mwaka 1989. Lemera iliposhambuliwa 1996 na wagonjwa kuuawa vitandani, alikuwa na kila sababu ya kutorudi tena. Mwaka 1999 akaanzisha Panzi. Mwezi wa kumi 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake, mlinzi wake akauawa, naye akaondoka nchini na familia yake. Ndipo wanawake wa kisiwa cha Idjwi, wanaoishi kwa jembe, wakaanza kuuza mananasi na vitunguu kukusanya pesa ya tiketi yake ya ndege. Mwanzoni mwa 2013 alirudi. Watu wanakumbuka tuzo ya Nobel ya 2018. Sisi tunayakumbuka zaidi mananasi. Wanawake hao hawakumwandikia daktari barua ya kumkumbusha wito wake. Walitafuta fungu.

Na hapa ndipo neno linapotugeukia. Miaka michache iliyopita tulikuwa katika kamati ya hospitali moja ya kanisa. Mwaka ule mapato yalikuwa madogo. Tulinunua vyombo vya muziki kwa ajili ya sherehe ya jubilei, tukapaka rangi jengo la ibada, na deni la daktari, mshahara wa miezi mitano, tukaliandika kwenye ukurasa wa mwaka unaofuata. Tulifunga kikao kwa sala. Katika ripoti tuliandika kwamba ndugu daktari anaendelea kutumika kwa moyo wa kujitoa. Aliondoka mwezi wa tatu. Tulipokutana naye miaka miwili baadaye hakutulaumu, na hilo lilikuwa gumu kulibeba kuliko lawama. Nasi tulikuwa katika kundi la wakubwa wale ambao Nehemia aliwakemea.

Ndiyo sababu hatutaki makala hii iwe ya kuilaumu Paris na Kinshasa peke yake. Tunajua kuna mambo ya serikali kuu ambayo kanisa haliwezi kuyabeba: matrikule, mishahara ya kitaifa, migomo isiyokwisha kila ahadi inapovunjwa. Madaktari wanapogoma watu hufa, na inatuumiza kuona wanalazimika kugoma ili wakumbukwe. Lakini ile asilimia 15 na ile 0.3 haziko Kinshasa. Ziko hapa, katika ofisi ambazo tunapita mbele yake tukienda sokoni, na katika kamati ambazo baadhi ya wajumbe wake hushiriki meza ya Bwana pamoja nasi.

Tulikaa na wazee mara tatu juu ya swali la yule mzee. Tumekubaliana mambo machache. Nyumba ndogo ya uani, iliyokuwa ya kupokelea wageni wa dayosisi, itatengenezwa na kutolewa bure kwa daktari wa hospitali ya serikali atakayekubali kukaa mtaani kwetu. Mshahara wa watumishi wa zahanati yetu utatoka kwanza kila mwezi, kabla ya ujenzi, kabla ya safari za mikutano, na kabla ya posho ya mchungaji. Jambo hili la mwisho lilipitishwa kwa kicheko, ila limeandikwa. Na wajumbe wawili wa kanisa walio katika kamati ya fungu la asilimia 0.3 wameombwa wapeleke hoja kwamba katika daftari lijalo, kwa kila kituo cha afya kitakachojengwa, iandikwe pia nani atakilipa mshahara wa watumishi wake, kwa miaka mingapi, na nani atashika vitabu. Mjumbe mmoja alisema hoja hiyo itachekwa. Tulimwambia aipeleke hivyo hivyo. Makanisa ya Kivu na Ituri mlio karibu na migodi ya dhahabu na koltani mna kamati kama hizi, au mna haki ya kuwa nazo pale migodi inapofanya kazi kwa sheria. Tungependa kujua kwenu wajumbe ni nani, na wanaulizwa nini Jumapili.

Viza ya kijana wetu imetoka. Anaondoka mwishoni mwa mwezi, na Jumapili ijayo tutamwekea mikono mbele ya kutaniko kama tulivyoahidi wazazi wake. Tulimweleza habari ya nyumba ya uani. Alikwenda kuitazama, akafungua dirisha, akauliza kama kuna maji. Maji yapo. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema tiketi imekwisha lipwa. Dada yetu bado amelazwa Lubumbashi, upasuaji umepangwa Alhamisi, na mchango umefika nusu.